Chaja ya Mkate na Walinzi Wake Wanne

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi. Mguu wake mmoja umewekewa tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye hushinda mabishano, kwa kuwa yuko juu kidogo ya wenzake. Mimi ni muuza kahawa wa hapo. Kazi yangu ni kumimina na kunyamaza, na hiyo ya pili hunishinda. Wakati huo, ndani, nyuma ya pazia la kinyozi, kulikuwa na pikipiki ya Mkate, ambaye jina lake la nyumbani tulishalisahau. Anasambaza mikate ya bekari kwenye maduka kumi na manne, na kwetu hilo linatosha. Miezi mitatu kabla ya siku ninayoisimulia aliteleza kwenye kokoto akavunjika mguu wa kulia. Kabla ya kwenda kwa dada yake kuuguzwa, alikuja na magongo yake, shemeji yake akimsukumia pikipiki, akaibana betri kwa vibanio viwili vya chaja ndogo, kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni, akachomeka ukutani. Akatuambia: “Hii si ya kujaza, ni ya kutunza. Betri ikijaa, inajipunguza yenyewe. Ninyi tazameni taa ya kijani iwake, basi. Msiguse kitu.” Tukamjibu kwa sauti moja kwamba aende salama. Siku hiyo ndiyo alikuwa anarudi kazini, na bekari walikuwa wamemshikia njia yake ya mikate mpaka saa nane mchana, si zaidi.

Saa saba kasorobo Spana alitoka nyuma ya pazia akifuta mikono. Spana alikuwa fundi wa pikipiki kabla mgongo haujamkatalia. Ukimwona anafuta mikono kabla hajaishika kazi yenyewe, ujue kuna msiba.

SPANA: Nimebonyeza starta. Inasema tik.

KAMUSI: Tik ni mwanzo mzuri.

SPANA: Tik tu, mzee. Hakuna kinachofuata. Na kwenye chaja hakuna kijani wala ndugu yake kijani. Nyekundu inapepesa.

KINYOZI: Na kiki?

SPANA: Kiki inawasha mara ya kwanza. Injini haina kosa. Lakini daktari kamwambia aendeshe, asipige kiki. Mguu wa kiki ndio huohuo uliovunjika.

KAMUSI: Si anao wa kushoto?

SPANA: Kiki iko kulia.

KAMUSI: Basi ageuke.

Kamusi ni karani mstaafu wa masijala. Ana methali ya kila jambo, ila methali na jambo hazijawahi kukutana njiani. Siku hiyo ndiye aliyekalia upande wa tofali.

KINYOZI: Mimi nimeshapiga simu duka la spea. Betri ya namba ile wanaiagiza. Inafika keshokutwa.

SPANA: Keshokutwa njia itakuwa ya mtu mwingine. Yule kijana wa bekari mwenye pikipiki nyekundu anaitolea macho tangu mwezi wa kwanza.

KAMUSI: Tatizo hapa ni uchovu. Betri imelishwa umeme miezi mitatu mfululizo. Nani anaweza kula miezi mitatu mfululizo?

SPANA: Mimi nimekula miaka hamsini na mbili mfululizo.

KAMUSI: Na tunakuona ulivyo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

KINYOZI: Jembe kwenye betri la nini?

KAMUSI: Maana yake kila kitu kina siku zake. Ndiyo sababu kila Jumatano nilikuwa naichomoa.

Nilikuwa nimeshaanza kummiminia Spana. Nikasimamisha mkono.

SPANA: Unachomoa nini?

KAMUSI: Chaja. Jumatano ipumzike, Alhamisi nairudisha kazini.

SPANA: Kila Alhamisi?

KAMUSI: Alhamisi ninazokuja.

Sote tunajua kwamba Alhamisi mbili za kila mwezi Kamusi huwa kliniki ya macho. Spana alihesabu kwa vidole, akaacha.

KINYOZI: Mzee, umeua pikipiki ya mtu.

KAMUSI: Nimeua nini? Wewe mwenyewe duka lako jioni linakuwa giza mpaka kwenye kibao. Huwa unazima nini?

KINYOZI: Swichi kubwa. Lakini hiyo ni kwa usalama. Usiku umeme unakuwa mkali, hamjui. Watu wote wamezima taa wamelala, sasa ule umeme wao uende wapi? Unajazana kwenye soketi za watu wasiozima. Kisanduku kile kidogo kingeshiba kikapasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAMUSI: Hiyo imefaa kidogo.

Aliisema kwa uchungu. Hapendi methali itoke kinywani mwa mwingine ikiwa nzima.

SPANA: Kwa hiyo usiku haina chaji, na Jumatano mchana haina chaji.

KINYOZI: Asubuhi nikiwasha swichi inarudi yenyewe.

SPANA: Kama Kamusi hajaichomoa.

KINYOZI: Hebu subiri. Wewe unauliza sana. Anayefika wa kwanza hapa kila asubuhi ni nani? Nikifungua tu mlango, nani anaingia nyuma ya pazia?

Spana aliangalia kahawa yake. Ni mtu mkubwa, akiinamia kikombe hakionekani.

SPANA: Nilikuwa naipa mazoezi.

KAMUSI: Mazoezi.

SPANA: Betri isiyotumika hulala usingizi wa moja kwa moja, muulize fundi yeyote. Nafungua ufunguo, nawasha taa, napiga honi mara mbili. Dakika kumi tu.

KINYOZI: Kumbe ile honi ni wewe. Kuna mteja nusura nimtoe sikio.

KAMUSI: Na siku ile ya mvua kubwa, niliyokuta taa inawaka mchana kutwa?

SPANA: Siku hiyo nilisahau.

KAMUSI: Tangu asubuhi?

SPANA: Tangu jana yake.

Hapo palikuwa mahali pazuri pa kukoma. Lakini benchi halijapata kukoma mahali pazuri. Spana alinyoosha mgongo, akaweka kikombe chini, nikajua anatafuta njia ya kutokea.

SPANA: Ila hata hivyo, kosa la msingi ni la soketi. Soketi iko chini karibu na sakafu, betri iko juu chini ya kiti. Umeme hufuata mteremko. Chaja haikuwa inapandisha, ilikuwa inateremsha.

KINYOZI: Inateremsha kwenda wapi?

SPANA: Ukutani. Kwenye nyaya zako.

KINYOZI: Ndiyo maana mwezi uliopita mashine yangu ya kunyolea ilikuwa na nguvu hivyo.

SPANA: Umenyolea watu betri ya Mkate.

KINYOZI: Na mimi nilimsifu muuza mashine.

KAMUSI: Ninyi mnazungumza nyaya, mimi nazungumza mazoea. Chombo kilizoea kilo themanini za mtu na mikate juu yake kila siku. Miezi mitatu hakuna anayekikalia. Kikakata tamaa. Tungekifunika koti lake tu, kingejua mwenyewe yupo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sijui kama aliisikia mwenyewe alivyoisema.

KINYOZI: Na wewe wa kahawa. Leo mbona umekuwa mpole hivyo? Unamimina tu.

Nilisema mapema kwamba kunyamaza hunishinda. Siku hiyo nilikuwa nimejitahidi sana.

Ukweli ni kwamba soketi ya nyuma ya pazia ina matundu mawili, na moja lilishaungua. Zile wiki za mvua, mkaa wangu ulilowa wote, nami nina birika la umeme alilonipa binti yangu. Nikawa naingia, nachomoa chaja, nachemsha maji, natoka. Niliwaeleza hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi.

SPANA: Kwa muda gani?

MIMI: Robo saa.

SPANA: Kwa siku?

MIMI: Kwa birika. Siku ya mvua napika mabirika sita.

KINYOZI: Na ukimaliza unarudisha chaja?

MIMI: Nikikumbuka.

Wote watatu walitazama ndani ya vikombe vyao. Kamusi aliweka chake chini kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kilichomo ni cha yatima. Kisha akakichukua tena, maana kahawa ilikuwa bado ya moto.

KAMUSI: Kwa hiyo tumeinywa.

SPANA: Robo yake tumeinywa. Robo imenyoa watu.

KINYOZI: Sasa tutamwambia nini?

SPANA: Tutamwambia chaja ilikuwa mbovu. Hivi visanduku huwa vibovu.

KAMUSI: Ninaunga mkono hoja.

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Alitoka mteja wake, shuka jeupe limefungwa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kwa sababu Kinyozi alikuwa ametoka “dakika moja” tangu saa saba kasorobo. Alikuwa mpangaji mpya wa nyumba ya pili, amehamia juzi yake. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwa Kamusi na habari kwa sisi wengine.

MTEJA: Samahanini wakubwa. Nimekaa pale nasikia yote, ukuta ni mwembamba. Mimi mgeni, labda sijaelewa. Huyu mwenye pikipiki, alipoondoka, alimwachia nani?

Swali lenyewe ni hilo tu. Kamusi alifungua kinywa, akamwangalia Kinyozi. Kinyozi akamwangalia Spana. Spana akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia birika, na birika halikuwa na mtu wa kumwangalia.

– Niliwaachia wote wanne.

Mkate alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Hakuwa na magongo. Alitembea polepole, akiuweka mguu wa kulia chini kama anayepima kina cha maji, kofia ya pikipiki kwapani. Alivaa koti jeupe la bekari, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Sikuuliza.

MKATE: Nilidhani wanne ni salama kuliko mmoja.

Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto, na nina hakika kwamba wenzangu pia, ingawa Kamusi alijifanya anarekebisha miwani.

Aliingia ndani. Tukasikia pazia, kisha tik. Alibonyeza mara moja tu. Halafu tukasikia vibanio vikiachia, kimoja, cha pili, na waya ukivutwa ukutani. Kamusi ana methali ya kila jambo, na ipo moja inayofaa kabisa kwa siku ile, kila mtu pale benchini anaijua. Hakuitoa.

Spana na Kinyozi waliisukuma pikipiki hadi nje.

MKATE: Spana, nipigie kiki.

Iliwaka mara ya kwanza, kama Spana alivyosema.

SPANA: Usiizime. Betri imekufa, injini haitaifufua. Ukizima tu, umerudi hapa.

MKATE: Maduka kumi na manne. Siwezi kuiacha inaunguruma barabarani, wataondoka nayo.

SPANA: Nikae nyuma basi. Kila duka nitakupigia mimi.

MKATE: Nyuma pana kreti la mikate, Spana. Nitawaomba wenye maduka. Kila mwenye duka ana mguu.

KINYOZI: Na chaja? Iache. Keshokutwa betri mpya ikija tunaichomeka palepale. Safari hii, haki ya nani, hakuna atakayeigusa.

Mkate aliuviringisha waya kwenye kile kisanduku taratibu, akakitia ndani ya koti, akafunga vifungo.

MKATE: Nitaitunza mwenyewe. Bakini salama.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Kutoka kwetu hadi bekari ni dakika sita.

Alifika. Tulijua kwa sababu kesho yake alipita na kreti nyuma, na keshokutwa yake pia, na baada ya betri mpya honi ikawa inalia vizuri kuliko zamani. Hutupungia mkono. Pikipiki sasa inalala kwa dada yake, mtaa wa tatu, chini ya ngazi, na ni dada peke yake mwenye ufunguo.

Soketi ya nyuma ya pazia imebaki yangu. Nachomeka birika saa ninayotaka, na hakuna wa kulichomoa. Kahawa ni ileile, kikombe ni kilekile, ila siku hizi Mkate akipita hasimami kunywa.