Saulo Mhongole, Aliyesomea Dirishani

Marehemu Saulo Mhongole alizaliwa Kilolo, Iringa, tarehe 3 Februari 1934, kifungua mimba wa Lusia. Alitoka tumboni akirusha mateke mpaka mkunga akahama kijiji. Katika ukoo hakuna aliyewahi kushika kalamu, ila babu yake, aliyeokota moja akajikunia mgongo.

Shule ya misheni aliianza mwaka 1943, mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Wanaosema saa nne hawakumwona akikimbia.

Januari 1953 aliitwa chuo cha ualimu upande wa Mbeya, wa kwanza kwao. Likizo ya Pasaka alirudi kumgemea mama yake mianzi. Akiondoka, Lusia alimfungia kibuyu cha ulanzi wa asubuhi ile, maji ya mianzi matamu kama asali, ampelekee mkuu wa chuo. Kwao hawaendi kwa mtu mikono mitupu. Siku tatu za njiani, ulanzi ukachacha. Mezani kwa mkuu kizibo kilifyatuka, kikaangusha jogoo aliyekuwa juu ya paa.

"Umeniletea pombe, Saulo?"

"Hapana, Bwana. Ilipotoka nyumbani ilikuwa shukrani."

Akafukuzwa. Kilolo hakurudi; angemwambia nini mama yake? Majuma matatu alilimia ugali kwenye bustani ya mpishi, na kengele ikilia alisimama mvuani nje ya dirisha la darasa, mguu huu, mguu ule, akijibu maswali yaliyowashinda waliokaa.

"Ingia ndani," mkuu alisema mwishowe. "Unalowesha masomo yangu."

Alihitimu Desemba 1954, akapelekwa Makongolosi kufundisha watoto wa wachimba dhahabu. Kiti cha mwalimu kilizaa utando wa buibui. Mwaka 1957 alimwoa Tupokigwe, aliyekubali kwa sharti moja: chakula atakula amekaa.

Juni mwaka huu homa ya mapafu ilimshika. Mara mbili alitoroka kitandani.

"Baba Matilda, lala basi!" mkewe alilia.

"Nikilala mimi, wale wa mtihani nao watalala."

Alifariki hospitalini Mbeya tarehe 19 Agosti 1959.

Ameacha mjane, binti yake Matilda wa miezi saba, mama yake, bibi yake aliyesema haya yakaandikwa, na wanafunzi arobaini na mmoja. Wawili kati yao, Isakwisa na Benedicta, wana mtihani wa kwenda chuo Novemba, na mwalimu hawana. Wamekuja na lori la msiba, madaftari kwapani. Anayejua kusoma asiondoke hapa msibani kabla hajakaa nao.

Mola amlaze Saulo salama. Sisi tusilale bado.