Mfungo wa Hilaria

Enzi za Mwingereza, lori la Sumbawanga lilibeba watu juu ya magunia ya ulezi. Bi Kulsumu alikalia gunia laini kuliko yote; alisema ni heshima ya uzee, kumbe aliwahi. Pembeni yake alikaa Hilaria, mwembamba kama ufito, akirudi kwa mumewe kule Laela. Alimsimulia bibi kuwa mama mkwe alishasema: mimba kabla ya mavuno, au arudi kwao.

"Damu ya mwezi unaiona?" bibi alinong'ona, hata dereva akasikia.

"Tangu nianze kufunga, sijaiona."

"Unafunga nini? Ramadhani bado!"

"Nimeweka nadhiri, bibi. Uji mara moja kwa siku mpaka nipate mtoto."

"Yarabi! Ng'ombe wa kwetu Chala wakikonda kiangazi, hata dume hawamtaki. Kichwa kinapeleleza tumbo, mjukuu wangu. Kikikuta njaa, kinafunga uzazi. Kula!"

"Nikila, nitakuwa nimemdanganya Mungu."

"Na usipokula?"

Bibi akamtilia kiazi cha kuchemsha mkononi.

Lori likasimama Laela. Hilaria akashuka, hakuna aliyekuja kumpokea. Akabaki barabarani na kile kiazi, hajakila, wala hajakirudisha.