Alama Moja Nyekundu

Ngo! Ngo! Ngo! Bati la jikoni liligonga ukuta usiku kucha, na kulipopambazuka Klementina akamfunga mwanawe Anatoli mgongoni, akakimbia na matope yake hadi kijiwe cha kahawa cha Kasingirima, mbele ya ofisi ya chama. Ukutani hapo afisa wa maafa alikuwa amebandika ramani: karatasi ya nyumba, juu yake karatasi nyembamba ya upepo, juu yake ya maji, zote zikionekana kwa pamoja. Alama nyekundu ni nyumba iliyowahi kuingia maji. Penye alama tatu patawekwa mtumbwi wa kuokolea watu. Mtaa mzima wa ufukweni ulikuwa na alama moja. Ya kwake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Mama Anatoli, alisema Redio, anayejua habari kabla hazijatokea. Umeona? Ramani ndiyo iliyoleta mvua. Upepo unapita zake Kongo, ukajiona umechorwa huku, ukageuka!

— Toka hapa! alisema Injinia, aliyewahi kubadilisha taa moja pale stesheni. Ni ile penseli. Nyekundu inavuta radi. Ndiyo maana nilimwambia afisa, kwangu hata tone!

— Hata mie, alisema Mzee Hamdani, mwuza kahawa, akiinua dele. Ukitiwa nyekundu tu, unahamishiwa kijiji kipya mlimani, ukavue dagaa kwenye mihogo.

Wakacheka. Klementina hakucheka, maneno yalimtoka yote kwa mpigo:

— Wazee wangu, maji yalinifika kiunoni, mtoto nikampandisha juu ya kabati, nikaita, nikaita, mtumbwi uko kule bandarini kwa sababu ramani inasema huku ni kukavu, na leo wingu ni lilelile, sasa niambieni kitu kimoja tu: lile godoro ni la nani?

Wakaligeukia godoro lililoanikwa kwenye ua wa ofisi, linachuruzika. Pembeni yake viatu vya Injinia vilikuwa vimeachama vikingoja jua. Mzee Hamdani akaukunja taratibu mkeka wake uliolowa.

Hata kahawa haikunyweka.

Redio akasimama.

— Godoro ni langu. Haya, twende wote kwa afisa, akatie nyekundu zake.

Njiani akamsogelea Klementina, akanong'ona:

— Mwanangu, usiku nilipanda mezani, nikamwachia mke wangu kuyachota maji ya ndani.

— La godoro namwambia afisa, baba. La meza, simwambii mtu mwingine.