Mabinti wa Baleti wa Unyanyembe na Bafu la Nyuma ya Jukwaa

Mgeni rasmi, Mzee Sajid Kurban, Mwenyekiti wa Wadhamini wa Ukumbi wa Mnarani, wajumbe mliofuatana naye, mwalimu wetu Nidhi, wazazi wetu, na bibi zetu, ambao leo mmekaa mstari wa mbele kama tulivyoomba.

Mgeni rasmi, shikamoo. Tumeambiwa risala haisubiri kujibiwa, lakini sisi tumelelewa kusubiri marahaba, kwa hiyo tunaisubiri kwanza.

Ahsante.

KARIBU

Tunakukaribisha katika ukumbi ambao ni wako kuliko ulivyo wetu. Sakafu hii ya mbao tumeipiga deki wenyewe asubuhi, na ukiona inateleza kidogo utusamehe, tulizidisha. Tunajua umeacha duka Jumamosi, siku ambayo watu wa Igunga wanashuka kwenye mabasi na kuulizia vitambaa. Kwa mfanyabiashara hilo si jambo dogo, na tunashukuru sana.

Risala hii ina jambo ambalo hatudhani limewahi kusomwa mbele ya mgeni rasmi hapa ukumbini. Tulibishana tulisome au tuliache. Wengine walisema utakasirika, wengine walisema utaondoka kabla ya pilau. Aliyemaliza ubishi ni Bibi Rustika, bibi yake Vestina mwenzetu. Alisema, "Mzee Sajid si ana wajukuu? Basi ni babu. Mwambieni kama mnavyomwambia babu."

Kwetu babu na mjukuu ni watani, na ya mjukuu hayamshindi babu kuyasikia. Kwa hiyo tunakuomba uvue uenyekiti kwa muda mfupi uwe babu yetu. Tukimaliza tutakurudishia.

TULIKOTOKA

Darasa hili lilianza pale Mwalimu Nidhi aliporudi kutoka masomoni Nairobi. Yeye ni mtoto wa hapahapa Tabora, amekulia nyuma ya duka la wazazi wake, na huko Nairobi alijifunza baleti. Aliporudi akataka kuwafundisha watoto wa kwao. Watu walicheka. Walisema baleti ni mambo ya kwenye televisheni, kusimama kwa ncha za vidole huku mikono ikielea hewani, nani atakuja?

Tulikuja. Wapo wa mjini, wapo wanaokuja kwa baiskeli kutoka Kipalapala, na wapo wa Kwihara, ambako misafara ilikuwa ikipumzika kabla ya kuendelea na safari. Babu zetu wa huko walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na kurudi. Mwalimu hupenda kusema miguu ya watu wa Unyanyembe haijawahi kuwa na uvivu. Nasi tunaamini hivyo, tena kwa maringo.

Lakini, mgeni rasmi, itazame ile picha iliyotundikwa ukutani. Ni darasa la kwanza. Katika wale mabinti waliosimama pale wakitabasamu, hakuna hata mmoja aliyepo leo. Hawakuhama, wala hawakuchoka na baleti. Walikua tu. Kila aliyevunja ungo alikosa Jumamosi moja, akakosa ya pili, halafu mama yake akaleta salamu kwamba mtoto ana kazi za nyumbani. Kwa muda mrefu baleti ya Tabora ilikuwa ya watoto wadogo, na sisi tulijua wazi kwamba zamu yetu ya kuondoka inakuja.

KILICHOTOKEA KWA VESTINA

Vestina ametupa ruhusa ya kulieleza hili. Alisema, "Someni, lakini msilie, mtaniaibisha." Tumemuahidi.

Vestina alikuja mjini na bibi yake kutoka Ulyankulu. Katika kuruka hakuna anayemfikia hapa, na alikuwa amechaguliwa atuongoze kwenye tamasha la Mwanza. Jumamosi moja, katikati ya darasa, akiwa amevaa vazi letu jeupe la kubana, hedhi ilimjia bila taarifa. Alijifunga sweta kiunoni akatoka. Choo chetu kiko nje, ng'ambo ya uwanja, na kilikuwa kikifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa ukikaa mfukoni mwa mlinzi wetu, Mzee Gerson. Siku hiyo Mzee Gerson alikuwa amekwenda kula. Vestina akabaki amesimama mbele ya mlango uliofungwa, huku wapishi wa harusi wakipanga mafiga pale uwanjani na kumwangalia. Alisimama mpaka muziki ukaisha ndani. Kisha akaenda nyumbani, akamwambia bibi yake kwamba baleti basi.

Mzee Gerson alihuzunika sana aliposikia. Hakukosea, alikuwa akiutunza ufunguo kama alivyoagizwa.

Mwalimu Nidhi hakulala na jambo hili. Aliwaita mama zetu wote mkutanoni, akawaeleza waziwazi kuhusu hedhi na pedi, akawaomba kila mmoja azungumze na binti yake. Mama zetu walikaa wakatazama sakafu. Wakaaga kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata nusu ya darasa haikuja.

Mwalimu alidhani amewaudhi kwa maneno. Kumbe maneno yalikuwa sawa, aliowaita ndio hawakuwa wenyewe. Kwao Mwalimu Nidhi, binti humwambia mama yake. Katika nyumba zetu nyingi jambo hilo mama halisemi kwa bintiye, wala binti kwa mama. Ni jambo la bibi. Mama akiulizwa mbele za watu, anaona amevuliwa nguo.

Aliyekuja kusema hivyo ni Bibi Rustika mwenyewe. Alimkuta mwalimu amekaa peke yake hapa kwenye ngazi za jukwaa.

"Mwalimu, umeita watu sio," alimwambia. "Haya ni yetu sisi."

"Sikujua, bibi. Naomba unisaidie."

"Nitakusaidia. Lakini na wewe usimrushe mtoto akiwa katika siku zake. Utamharibu tumbo."

Hapo mwalimu naye alikuwa na la kusema. Alimwita Nesi Advera, akakaa na bibi zetu pale kwenye mkeka, akawaeleza kwamba kuruka hakuharibu kitu, na kwamba mwenye maumivu apumzike na asiye na maumivu acheze. Bibi Rustika hakukubali kirahisi. Alimleta Vestina katika siku zake, akamwambia anyanyue mguu mbele yake aone. Vestina akanyanyua mpaka juu ya lile bomba la ukutani tunaloshikilia wakati wa mazoezi, akashusha taratibu. Bibi akamtazama usoni, akamtazama na mguu, akasema, "Haya. Umerudi mzima." Tangu siku hiyo Vestina yuko nasi, na hata waliokuwa wamekimbia wamerudi.

TUNAYOJIVUNIA

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uturuhusu tujisifu.

Bibi zetu sasa ni sehemu ya darasa. Kila Jumamosi wawili au watatu hukaa pale pembeni, na binti akiwa na neno huliendea sikio analolijua. Bibi Rustika ametushonea sketi fupi nyeusi za kuvaa juu ya vazi. Tunazivaa wote, kila darasa, aliye katika siku zake na asiye katika siku zake, hata wadogo ambao bado. Wadogo ndio wanaringa nazo zaidi.

Chini ya kioo kuna kapu la pedi, za dukani na za kitambaa, na liko wazi. Hakuna anayeomba wala anayeuliza nani amechukua. Kuna chupa ya chai ya tangawizi kwa mwenye tumbo linalomsumbua, na mkeka wa kulala na kujinyoosha taratibu mpaka maumivu yapoe, kisha mtu hurudi kwenye mstari bila kutoa maelezo. Anayetaka kutoka nje hutoka. Zamani tulinyanyua mkono na kumkatisha mwalimu, kila mtu akageuka kutazama. Sasa hata muziki hausimami.

Mzee Gerson naye ametundika ule ufunguo kwenye msumari hapo mlangoni. Siku alipoutundika alituambia, "Wajukuu zangu, huu sasa ni wenu. Mimi siuoni." Tulimpigia makofi mpaka akakimbilia getini.

Kwenye tamasha la Mwanza tulikwenda, Vestina akatuongoza. Hatukuleta kikombe, tulileta jina. Watu waliuliza Tabora mnafundishwa na nani, na tulijibu kwa sauti.

Sisi ndio darasa la kwanza lililokua bila kuondoka. Hilo tunalisema vifua mbele.

KINACHOTUKWAMISHA

Bado choo ni kilekile cha nje. Hakina bomba. Binti hubeba kopo la maji na kupita nalo mbele ya wapishi, na Jumamosi za harusi uwanja unajaa wageni. Wengine wanaona afadhali kujibana mpaka darasa liishe, na anayejibana hawezi kuruka.

Na wakati huohuo, mgeni rasmi, nyuma ya jukwaa hili lipo bafu zuri lenye vigae, bomba na mlango wenye komeo la ndani. Tumechungulia dirishani, tusifichane. Ndani yake yamehifadhiwa masufuria ya harusi. Masufuria yale hayajawahi kufungua bomba, babu. Tumeona wivu.

OMBI

Hatuombi kujengewa. Tunaomba masufuria yahame. Chini ya ngazi za jukwaa kuna stoo iliyo tupu na kavu. Mzee Gerson ameshapima mlango wake, na hata lile sufuria kubwa la pilau linapita likiinamishwa. Ukiitikia kwa kichwa tu, wazazi wetu na sisi tutayahamisha leo hii baada ya sherehe, na tutayasugua kabla ya kuyaweka.

Kama wadhamini wanapaswa kukutana kwanza, tutangoja. Lakini tunakuomba ukikaa nao uwaeleze kama tulivyokueleza sisi, bila kuzungukazunguka. Wadogo walio kwenye mstari wa nyuma wanakua haraka, na hatutaki picha yao itundikwe ukutani kama ile ya wenzao.

MWISHO

Mgeni rasmi, sasa tunakurudishia uenyekiti wako. Muda si mrefu tutakuchezea ngoma tuliyoiandaa kwa ajili yako. Utaona tukiruka, tukizunguka na kusimama kwa ncha za vidole, wote tukiwa na sketi nyeusi.

Mmoja wetu leo yuko katika siku zake. Ameruhusu tuseme, jina ametukataza. Asubuhi alibeba kopo akapita uwanjani kama kawaida, akarudi, akachukua nafasi yake mstarini. Usihangaike kumtafuta. Hata sisi tulio karibu naye, muziki ukianza, hatutamjua.

Mungu akujaalie afya, aibariki nyumba yako na kuwazidishia umri bibi zetu.

Ni sisi wajukuu zako,
MABINTI WA BALETI WA UNYANYEMBE
Imesomwa kwa niaba yao na Levina, katibu wa kikundi.