Ke Mutu na Kengele ya Klabu ya Beigang

Waombolezaji wote, majirani wa nyuma ya hekalu, na ninyi wanachama wa Klabu ya Huduma ya Beigang mlioketi safu mbili za mbele, mimi ni Lai Yongchuan, kaka mkubwa wa mjane, karani mstaafu wa ofisi ya usajili wa kaya, ambako nilitumikia miaka thelathini na minane, na familia imenisimamisha hapa niyasome maisha ya shemeji yangu kwa mpangilio na kwa tarehe zake, kama alivyoniagiza mwenyewe siku kumi na moja kabla ya kufariki, akisema, "Shemeji, usinipambe. Andika yote, na ya Guo Tiansong uyaandike. Ukiruka ya kwake, ruka na ya kwangu."

Marehemu Ke Mutu alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, sawa na mwaka wa 36 wa Jamhuri, hapa hapa Beigang, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mzee Ke Awang, mpakiaji wa mabehewa ya reli ya sukari, na Bi. Cai Mian, ingawa daftari la kaya lilisema tarehe 20, kwa kuwa baba yake alingoja siku nane aone kama mtoto atapona, na kosa hilo nililisahihisha kwa mkono wangu mwaka 1976.

Aliingia shule ya msingi Septemba 1953, akamaliza Juni 1959, wa tatu katika darasa la watoto hamsini na wanne, na hapo masomo yake yakakoma, kwani wiki mbili baadaye alipelekwa kwa fundi wa kufua patu, zile sahani nene za shaba zinazogongwa hekaluni, akakaa kwake zaidi ya miaka minane, akafua mchana kutwa, asiruhusiwe kuugonga hata upatu mmoja alioumaliza, kwa sababu fundi huyo aliamini kwamba mwanagenzi anayesikia sauti ya kazi yake mapema huvimba kichwa. Alitumikia jeshi kisiwani Kinmen kuanzia Januari 1968 hadi Januari 1970, na tarehe 8 Septemba 1974 akafungua karakana yake mwenyewe, ambayo jiko lake halikuzimika mpaka mwaka huu.

Tarehe 16 Novemba 1975 alimwoa dada yangu Lai Yuxia, na siku hiyo baba yetu alimwambia mbele ya meza kumi na mbili za wageni, "Mkwe, mkono wako mzito, na binti yangu si shaba," naye akajibu bila kupepesa, "Shaba naipiga ipate sauti, baba, huyu sauti anayo ya kutosha," watu wakacheka hadi supu ya mwisho, isipokuwa bibi harusi. Mungu wa Jiko, mlinzi wa kila nyumba ya kwetu, aliwajalia watoto wawili, Zhirong, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1977, na Peishan, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1980, ambao wote wako hapa mbele yenu wamevaa magunia ya msiba.

Alijiunga na Klabu tarehe 5 Julai 1984, siku ya Alhamisi, akapewa jina la utani la Upatu, na tangu siku hiyo hadi alipolazwa hakukosa mkutano hata mmoja wa Alhamisi. Ninyi mnaijua desturi yenu, lakini majirani hawaijui, kwa hiyo naieleza: aliyewahi kuwa rais wa Klabu huitwa Rais Mstaafu mpaka kaburini, huketi meza ndefu, na akifa wenzake hulifunika jeneza lake kwa bendera ya buluu, hali mwanachama wa kawaida hupelekewa shada la maua. Marehemu aliitaka bendera hiyo. Alikuwa mtu wa darasa la sita katikati ya madaktari, wenye viwanda na mawakili, na hakukuwa na kitu kingine hapa duniani alichokitaka kwa muda mrefu namna hiyo.

Mwaka 1986 aliisubu, kwa kumimina shaba iliyoyeyushwa, kengele ya Klabu, ile ambayo rais huigonga kwa nyundo ya mbao kufungua na kufunga mkutano, na ilipopendwa akasubu nyingine tano katika kalibu ileile kwa ajili ya klabu za miji jirani, zote sita zikafanana kwa kimo, rangi na mpini, akazitofautisha kwa mikato ya tupa aliyoitia chini ya ukingo wa ndani, mahali pasipoonekana, mkato mmoja kwa kengele ya Beigang, mikato minne kwa ile ya Tuku, na kadhalika. Kuanzia Julai 1988 hadi Juni 2016 alikuwa Mtunza Kengele, mwenye kuangalia saa, kufunga mlango na kutunza bendera, na kila mwaka katika siku za mwanzo za Julai kengele ililetwa kwake ing'arishwe kwa ajili ya rais mpya.

Sasa nafika tarehe 25 Juni 1998. Siku hiyo Guo Tiansong, mwenye kinu cha mpunga, alikuwa akabidhiwe urais saa kumi na mbili kamili jioni, naye alikuwa njiani na mama yake mwenye umri wa miaka themanini na minane, aliyevishwa tangu asubuhi, gari lao likapasuka tairi darajani. Kwa kanuni, kengele ikishagongwa mlango hufungwa mpaka jambo la kwanza limalizike, na jambo la kwanza siku ile lilikuwa makabidhiano. Marais wastaafu walimwambia marehemu, "Ngoja kidogo, Upatu, mtu yuko njiani," naye akajibu, "Saa yangu haina mjomba," akamwashiria rais aliyekuwa akimaliza muda agonge, akafunga mlango, na mkufu wa urais akavishwa makamu. Guo Tiansong alifika saa kumi na mbili na dakika nne, akasimama nje ya mlango wa kioo, amemshika mama yake mkono, akatazama yote, na shemeji yangu, nami nilikuwa mgeni wake siku hiyo na nilimwona kwa macho yangu, aliinua mkono, akamwonyesha saa kupitia kioo. Baadhi yetu tulicheka. Mimi nilicheka.

Guo Tiansong hakurudi tena Klabuni, na alifariki tarehe 9 Novemba 2004. Mwanawe Guo Bingyan, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, alikuja karakanani kuiomba bendera kwa ajili ya jeneza la baba yake, akaikabili hasira ya marehemu akiwa bado na vumbi la safari mabegani, akaambiwa mbele ya mafundi, "Bendera ni ya walioongoza, mwanangu. Baba yako alifika mlangoni tu." Marehemu aliniagiza niyasome maneno hayo kama yalivyo, nami nimeyasoma.

Nyundo za miaka arobaini zilimla masikio, na kuanzia mwaka 2001 hakusikia mazungumzo ila kwa kutazama midomo. Aliachwa katika uchaguzi wa urais mara tatu, mwaka 2003, 2009 na 2015, mara zote kwa hoja kwamba rais asiyesikia ataongozaje mkutano, mpaka tarehe 1 Desemba 2022, akiwa na miaka sabini na mitano na hakuna wa zamu aliyebaki mbele yake, alipochaguliwa kuwa rais mteule, na Daktari Guo Bingyan akachaguliwa makamu wake. Siku ile alirudi nyumbani akamwambia dada yangu, "Mama Zhirong, tafuta suti yangu nyeusi," naye akamjibu, "Ipi, ya harusi au ya mazishi?" akasema, "Ile ile, moja tu."

Tarehe 14 Machi mwaka huu alikutwa na saratani ya ini, na kufikia Juni madaktari walikuwa wakihesabu wiki. Klabu ilituarifu kwamba, kwa heshima yake, makabidhiano yangefanyika wodini, na kweli Alhamisi tarehe 29 Juni, saa nne asubuhi, walifika wanachama tisa wenye suti, wakiwa na mkufu, bendera na kengele, wakajipanga kuzunguka kitanda. Rais aliyekuwa akiondoka alisoma, marehemu akavishwa mkufu juu ya nguo za hospitali, akapewa nyundo, akagonga, kisha akaiomba kengele aishike, kwa kuwa asiyesikia huisikiliza shaba kwa mkono, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo. Nilimwona akituliza kidole. Halafu akaiweka kengele juu ya shuka, akafungua karatasi yake, akasoma hotuba yote ya ukurasa mmoja na nusu mpaka neno la mwisho, akawashukuru mmoja mmoja kwa majina yao ya utani, na wakapiga makofi mbele ya uso wake ili ayaone.

Walipotoka aliniambia, "Shemeji, ile ni ya Tuku."

Nikamwambia kwa midomo, "Unakosea, dawa hizo."

"Mikato minne," akasema. "Kengele yangu iko wapi?"

Kengele yake ilikuwa hotelini, inapangwa mezani, kwa sababu bodi ya Klabu ilikwisha kukaa tarehe 18 Mei na kuamua kwamba mtu asiyeweza kusimama hawezi kuwa rais, na jioni ileile ya tarehe 29 Juni, mbele ya wageni mia moja na ishirini, Daktari Guo Bingyan alivishwa mkufu wa kweli na kuigonga kengele ya kweli, saa kumi na mbili na dakika nne, wala si kamili. Peishan aliziona picha katika simu tarehe 1 Julai, ndipo akakumbuka kwamba kwenye korido ya hospitali alimsikia Daktari Guo akimwambia mwenzake, "Azima kengele yoyote bwana, kwani Upatu anasikia?" akadhani ni mzaha. Tulitaka kwenda kugomba. Marehemu alituzuia, akasema tu, "Guo alichelewa dakika nne," akageukia ukuta.

Tarehe 3 Julai aliomba arudishwe nyumbani, na tarehe 4, kwa mazoea ya miaka mingi na bila mtu yeyote kufikiri, Klabu iliileta kengele ing'arishwe. Aliegemezwa kwenye mito, akaomba siki, majivu na kitambaa, akaing'arisha mpaka ikaonyesha sura yake, kisha akamwambia Zhirong aishike kwa nguvu, akachukua msumeno mwembamba wa chuma, akakata kutoka ukingoni kwenda juu, upana wa unywele, akipumzika kila baada ya mikwaruzo mitano, na kazi hiyo ilimchukua saa mbili na robo. Kesho yake aliamuru kalibu ivunjwe, isitengenezwe nyingine. Alhamisi tarehe 6 Julai Rais Guo aliigonga kengele kufungua mkutano wake wa kwanza, ikatoa sauti ya sufuria iliyodondoka, mkalaumu unyevu wa hewa. Haukuwa unyevu.

Alifariki Jumatatu tarehe 17 Julai 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, miezi minne na siku tano, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Leo asubuhi, langoni, nilimwomba Rais Guo bendera, nikiinamisha kichwa changu chenye mvi mbele ya mtu niliyemwandikia cheti cha kuzaliwa, naye akanijibu kwa adabu kamili, "Mzee Lai, bendera ni ya walioongoza. Mzee Upatu alifika mlangoni tu." Simlaumu, maneno hayo hayakuwa yake, yalikuwa yamekopwa nyumbani kwetu, na leo yamerudishwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya tano, majirani waliopika tangu siku ya kwanza, mafundi wa karakana walioubeba mwili, na wanachama wote wa Klabu waliofika kwa shada la maua, ambalo tumeliweka upande wa kushoto, mahali pake. Wiki iliyopita Klabu ilituandikia kuuliza kama kuna fundi anayeweza kuirudishia kengele sauti yake. Marehemu alilitarajia swali hilo, na jibu lake aliniachia kwa maandishi, tarehe 6 Julai, nami nalisoma kama lilivyo: sauti ipo, ila imefika mlangoni tu.

Lala, shemeji. Hakuna tena kengele ya kukuita.