Jogoo Aliyekataliwa Wodini

Kijiwe chetu hapa Bariadi ni ubao mmoja juu ya matofali, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Mimi nakaanga maandazi na kuuza kahawa pembeni, mwanangu mgongoni, na kwa kawaida nasikiliza tu. Wenye ubao ni wawili: mzee Ndaki, aliyepima pamba miaka mingi hadi tukamwita Mizani, na Nuruddin muuza redio, tunayemwita Spika. Jumatano saa saba mchana alikuja Luhaga wa Kasoli, jogoo mwekundu kwapani, akaagiza kahawa bila kusalimia. Mkewe, Winnie, alijifungua juzi akatokwa na damu nyingi, na nesi mmoja hakubanduka kitandani pake hadi damu ilipokatika. Nesi huyo amehamishiwa Maswa. Zamu yake ya mwisho ilikuwa inaisha saa nane. Luhaga alikuwa amempelekea jogoo, na jogoo amerudi.

Mizani: Kakataa?

Luhaga: Kakataa. Kasema, "Baba, mtoe nje huyo, hapa ni wodini." Na Winnie kaapa hatoki pale mpaka nimshukuru yule dada. Pikipiki ya kuwapeleka nyumbani inanisubiri.

Mizani: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Spika: Sasa hiyo inahusu nini, mzee?

Mizani: Si inahusu kuku?

Spika: Kosa lako ni kamera, Luhaga. Siku hizi ziko darini. Ukimpa nesi kuku, Dodoma wanaona hadi manyoya.

Luhaga: Dodoma waangalie kuku wangu?

Spika: Wanaangalia rushwa. Kuku wako ndiyo rushwa yenyewe.

Mizani: Acha uongo. Shida ni rangi. Jogoo mwekundu! Kadhani umetumwa na mfumu, mganga wa kienyeji, kumalizia dawa za mkeo mle wodini. Ungeleta mweupe.

Luhaga: Mweupe si ndiyo mbaya zaidi?

Mizani: Basi mbuzi. Mbuzi hana maneno.

Spika: Mbuzi wodini! Atakula mafaili ya wagonjwa.

Mizani: Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo ng'ombe.

Luhaga: Mzee, kuku katolewa nje, ng'ombe atapita mlango gani?

Spika: Nisikilizeni. Tuwaite kundi la Wagika na ngoma zao, wacheze mbele ya wodi. Mimi nafunga spika getini. Bariadi nzima ijue.

Mizani: Na waliopasuliwa?

Spika: Watacheza wamelala.

Tukacheka wote isipokuwa Luhaga. Hapo kulikuwa na mama, Milembe wa Lingeka, ndivyo alivyonitajia jina, aliyefika kununua maandazi ya kumpelekea mgonjwa wake. Alikuwa amesimama na khanga yake, akisubiri niyageuze.

Milembe: Samahani, baba. Huyo nesi ulimwambia wabeja, yaani asante?

Luhaga: Nilimpa jogoo, mayu.

Milembe: Jogoo nimemwona. Nauliza kama ulimwambia.

Luhaga: Nilimwambia, "Shika."

Milembe: Basi?

Luhaga: Basi.

Mizani: Mayu, kwetu jogoo ndiye anayesema.

Milembe: Na huyu alisema nini?

Nilimfungia maandazi yake kwenye gazeti, akavuka barabara kwenda kwa mgonjwa wake. Luhaga akabaki anatazama geti la hospitali.

Luhaga: Mizani, nikifika pale naanzaje?

Mizani: Unaanza tu.

Luhaga: Wewe walipokutoa mtoto wa jicho ulianzaje?

Mizani akakitazama kikombe chake.

Mizani: Mimi nilipoona vizuri, nilienda nyumbani.

Luhaga: Spika?

Spika: Walinishona mguu. Kusema kweli niliwagombeza, sindano iliuma.

Wanaume hawa wana jibu la bei ya pamba, la mvua na la Simba na Yanga. Kwa hili Mizani alinisukumia kikombe nimwongeze kahawa, na Spika akainama kufunga kamba ya kiatu. Nilitaka kumwambia Luhaga aanze na jina la mkewe, maneno mengine yatafuata. Nilikwisha kufungua mdomo, kisha nikaona haya, nikageuza andazi.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Luhaga akanipa kamba ya jogoo, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama. Alivuka barabara mikono mitupu, polepole, midomo yake ikijaribu maneno. Alipofika katikati akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau. Kisha akaanza kukimbia kuelekea getini.