Shangazi Sindano na Vitabu Mia Nane Vilivyokataa Kisu

Miaka thelathini na minne na miezi miwili. Muda wote huo Shangazi Sindano ameketi kwenye meza ya kushonea vitabu hapa kiwandani, na Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, anastaafu. Kamati imenipa mimi, Mjomba wa mashine ya chapa, kazi ya kuandika wasifu wake. Shule niliishia darasa la sita, lakini vitabu vya imani, neema na wokovu vilivyopita mikononi mwangu vikitandikwa chini, mtu atavuka mpaka nchi jirani bila kukanyaga udongo.

Nasema mapema: cheti chake cha utumishi kina mstari usemao “aliwahi kupewa onyo kwa uzembe.” Mstari huo siutaki. Nitaufikia.

Aliajiriwa kufagia. Mwezi wa pili akamwona mshonaji anaruka matundu kwenye mgongo wa kitabu cha watoto. Akaegemeza ufagio ukutani, akakishona upya. “Mtoto hafungui kitabu, anakipasua,” akasema. “Mshonee kama unamshonea kaptura.” Ufagio hakurudishiwa tena. Kitabu chake kimoja kiliwahi kudondoka ghorofa ya tatu kikaangukia lori. Lori ndilo lililopelekwa gereji. Abishaye aje, nilikuwepo.

Sasa ule mstari. Mwaka wake wa kumi na tisa tulikuwa na vitabu viwili vya ukubwa mmoja: cha watoto, juu ya neema, chenye mwanakondoo aliyepotea, na cha wazee, juu ya wokovu, maandishi madogo kama mchwa. Karatasi zilizokunjwa zilipangwa mezani kwa mafungu. Shangazi alikwenda hospitali kutazamwa jicho, na siku hiyo fungu moja likawekwa pasipo pake. Wasaidizi wakashona walichokikuta. Nakala mia nane: ukurasa wa kumi na sita mwanakondoo yuko porini, wa kumi na saba, mzee kitandani anauliza kama amechelewa kusamehewa, wa thelathini na tatu, mwanakondoo tena.

Meneja wa wakati ule alishuka amefura. “Vikatwe vyote. Na aliyechanganya aondoke leo.”

Shangazi, ndiyo kwanza anaingia, jicho limefungwa bandeji, akasema, “Meza ni yangu. Andika jina langu.”

“Wewe hukuwepo.”

“Meza ilikuwepo. Na vitabu havikatwi. Ndani tumeandika aliyepotea anatafutwa, halafu sisi tunampeleka kisuni?”

“Shangazi, usinihubirie. Mimi mkubwa wako.”

“Ukubwa wako uko juu ofisini, mwanangu. Huku chini tunafuata uzi.”

Akang'oa mpini wa mashine ya kukatia, akautia mkobani, akaukalia mkoba mpaka jioni, meneja akachoka, akaviacha vitabu na kumpa onyo badala ya kumfukuza. Barua ya onyo ilipomfikia, aliikunja akaifanya mfuko wa sindano. Nakala ikabaki kwenye faili, na kwa ajili yake akanyimwa ukuu wa chumba mara mbili.

Kila kitabu alikibandika kikaratasi kwa mkono wake: “Kurasa zimechanganyika. Mtoto asome zake, mzee asome zake, msiachane mpaka mwisho.” Vikatoka. Baada ya miezi babu mmoja akatuandikia kwamba hakuwa amegusa kitabu cha dini miaka arobaini. “Mjukuu alitaka kujua kama mwanakondoo alipatikana,” aliandika. “Mimi nilitaka kujua habari za yule mzee. Tumemaliza wote wawili.” Kitabu hicho tumekichapa mara sita tangu hapo, kikiwa kimechanganyika vilevile, kwa amri ya meneja yuleyule.

Basi ofisi isome vizuri hapa. Aliyeweka fungu vibaya ni mimi. Nilikuwa nawasimulia wasaidizi jinsi nilivyosimamisha mashine kwa kidole kimoja, mkono ukajiendea wenyewe. Nilikuwa na watoto wanne wadogo, nikanyamaza. Yeye alijua. Karatasi moja iliyobaki kwenye fungu ilikuwa na alama ya wino ya kidole gumba changu, hiki chenye kovu. Nilimwona anaikunja anaitia mfukoni. Siku hiyo mchana alinimegea nusu ya mkate wake. Miaka kumi na mitano hajaniuliza neno. Neema nimeichapa kwa tani, lakini niliila kwanza kwenye mkate ule.

Kwa hiyo barua itoke kwenye faili lake, iingie kwenye langu, na cheti kiandikwe upya kabla ya Ijumaa. La sivyo mimi sichapi hata bahasha, na anayedhani atapata mtu mwingine wa kuwasha mashine ile, ajaribu. Mpini wa mashine ya kukatia, kwa taarifa yenu, ninaukalia mimi sasa.

Shangazi, asante. Nenda ukapumzishe jicho lako. Uzi wako usikatike, na wajukuu wasichoke kukuuliza ukurasa unaofuata una nini. Siku ya Ijumaa utatoka hapa na jina safi, kwa sababu lenye doa ni hili langu, na leo nimelibeba mwenyewe.